Kiota Peke Yake Hakitoshi
Mhadhara kwa wanachama wapya wa klabu ya ndege, Entebbe

Ndugu wanachama, tunatafuta ndege wanaozaliana hapa kwetu, siyo ndege waliopo tu. Fomu nyingi za kuandikia tulichokiona huharibika hapo.

Ngazi za ushahidi wa kuzaliana ni tatu. "Huenda": ndege yuko mahali panapomfaa, anaimba. "Yamkini": ni jozi, au dume analinda eneo lake, na mmemkuta palepale tena baada ya siku saba au zaidi. "Hakika": mayai, makinda, au mzazi mwenye chakula mdomoni. Hata kinyesi cha makinda kinatosha: ni kifuko cheupe ambacho mzazi hukibeba na kwenda kukitupa mbali. Mkikiona, hakuna haja ya kukisogelea kiota.

Kwera ndio wanaotusumbua. Viota hamsini mtini si jozi hamsini. Dume mmoja husuka viota kadhaa, hujining'iniza chini ya kimojawapo na kupigapiga mabawa akiita jike. Kiota kikikauka kabla hakijapata jike, hukifumua mwenyewe. Hesabuni vile ambavyo jike anaingia na chakula. Akitoka humo kinda wa kekeo, maana kekeo hutaga katika viota vya kwera, "hakika" ni ya kekeo.

Fundichuma ndiye mwongo kabisa: hujenga lundo la vijiti hata kama hatagi, na bundi huweza kulihamia.

Korongo taji, huyu wa bendera ya Uganda, hutaga mayai mawili hadi manne kinamasini. Msiingie humo, njia mtakayofungua kwenye mafunjo, mbwa wataifuata. Kaeni ukingoni na darubini. Makinda hutoka kiotani mapema, kwa hiyo kiota kitupu hakimaanishi wamekufa. Tazameni nyasi zinazotikisika nyuma ya wazazi.

Anzeni saa 12:30 asubuhi, mmalize saa 3:30. Huku karibu na Ikweta hatuna msimu mmoja: wengi hufuata mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ila kaloli, aina ya korongo, huanza kiangazi. Ndiyo maana kila eneo tunalirudia mwaka mzima. Mwezi Machi baadhi ya wahamiaji wa Ulaya huimba kabla ya kuondoka. Wimbo huo msiuandike popote, maana hawazaliani hapa.

Tumieni penseli, wino huyeyuka mvuani. Wala msicheze sauti za ndege kwenye simu: dume ataacha eneo lake aje kugombana na simu, nanyi mtamwandika mahali asipokaa.