Kuhamia Btrfs na Kuitunza

Wapenzi wa Linux, asanteni kwa kuja. Btrfs, mfumo wa faili unaopanga data kwenye diski, iliingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) mwaka 2009, toleo 2.6.29, na tangu Fedora 33 ya mwaka 2020 ndiyo chaguo-msingi la Fedora kwenye toleo la kompyuta za mezani. Sababu kubwa ya kuihamia ni moja: kila bloku ya data ina cheksamu yake, yaani namba ya kuhakiki kwamba haijabadilika. Diski ikiharibu data kimyakimya, ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux, hukupa faili bovu bila neno. Btrfs hukataa kulisoma na kutoa hitilafu.

Mwenye diski tupu atumie `mkfs.btrfs`, amalize. Mwenye ext4 yenye data aanze na nakala rudufu kwenye diski nyingine. Hili halina mjadala. Kisha awashe kompyuta kwa USB ya usakinishaji, kizigeu (sehemu ya diski, hapa tuseme /dev/sda2) kikiwa hakijapachikwa, aendeshe `e2fsck -f /dev/sda2`, halafu `btrfs-convert --uuid copy /dev/sda2`. Bila hilo chaguo la uuid, kizigeu hupata kitambulisho kipya na kompyuta huenda isiwake. Kwenye `/etc/fstab`, faili la orodha ya vizigeu vya kupachika, badilisha ext4 iwe btrfs, futa vigezo vya ext4, na tarakimu ya mwisho iwe 0. Tengeneza upya initramfs, mfumo mdogo unaotangulia kompyuta inapowaka.

Ext4 ya zamani hubaki ndani ya sabvolyumu (tawi la mfumo wa faili linalojitegemea) iitwayo ext2_saved. Ikiwa bado ipo, na hujaendesha balance (amri ya kupanga upya data kwenye diski), `btrfs-convert -r` hukurudisha ulikotoka, ila kila ulichoandika baada ya kuhama kinapotea. Jaribu mfumo siku kadhaa, ndipo uifute hiyo ext2_saved. Baada ya hapo endesha `btrfs balance start -mconvert=dup /` ili metadata, yaani taarifa za mahali faili zilipo, iwe na nakala mbili.

Sasa nije kwenye nafasi, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Btrfs haigawi diski bloku kwa bloku. Inakata kwanza vipande vikubwa, vya data kwa kawaida GiB 1, na vya metadata peke yake. Vipande vya data vikishachukua diski nzima, hata vikiwa nusu tupu, metadata inakosa pa kukua. Unaambiwa diski imejaa huku `df` ikionyesha nafasi tele. Na kwa kuwa Btrfs haiandiki juu ya kilichopo, hata kufuta faili kunahitaji nafasi ya kuandika kwanza! Kwa hiyo tazama `btrfs filesystem usage /`, hasa mstari wa Device unallocated. Ukikaribia sifuri, endesha `btrfs balance start -dusage=5 /`, kisha 20, kisha 50. Hii huhamisha data ya vipande visivyojaa na kuvirudisha kwenye nafasi isiyogawiwa. Balance nayo ikigoma kwa kukosa nafasi, ongeza USB kwa `btrfs device add`, endesha balance, halafu uiondoe kwa `btrfs device remove`. Usiichomoe kabla amri hiyo haijaisha; ukichomoa, unaweza kupoteza mfumo mzima wa faili.

Snapshoti, yaani picha za hali ya faili kwa wakati fulani, nazo hushika nafasi: faili ulilofuta jana bado lipo ikiwa snapshoti ya juzi inalishikilia. Na kwa kuwa snapshoti inakaa kwenye diski ileile, diski ikifa vyote vinakufa. Zipeleke kwenye diski nyingine kwa `btrfs send` na `btrfs receive`.

Mara moja kwa mwezi endesha `btrfs scrub start /`, inayosoma data yote na kuhakiki cheksamu, ukague idadi ya hitilafu na `btrfs device stats /`. Kwenye diski moja, scrub hutengeneza metadata yenye nakala mbili, lakini data yenye nakala moja huripotiwa tu, ukairudishe mwenyewe kutoka kwenye nakala rudufu.

Faili za hifadhidata na za diski za mashine pepe hutawanyika vipande vipande kwenye diski na kuwa nzito. Saraka zake zipe `chattr +C`, inayozima uandishi wa mahali papya, zikiwa bado tupu, mkijua faili hizo zitakosa cheksamu. RAID5 na RAID6 za Btrfs, mipangilio ya kuunganisha diski kadhaa, ziacheni. Na `btrfs check --repair` msiiguse kabla hamjaokoa data kwa `btrfs restore`, kwani inaweza kuongeza uharibifu.