Tunda Lisilolika: Siku Mbili kwenye Maonyesho ya Matufaha ya Vimoutiers

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, na ndugu zangu mliotoka pande zote za jiji hili la Paris kuja kunisikiliza, naomba nianze na neno lenyewe, kwa kuwa neno ndilo lililonipoteza kwanza. Sisi tuliokulia pwani, mtu akitaja tofaa tunaliona lile tunda jekundu lenye nyama nyeupe ya sponji na harufu ya waridi. Tunda la Ulaya tulilijua kwa jina la epo, nalo lilitufikia Tanga kutoka milima ya Lushoto, dogo, lenye mabaka, la bei ya juu. Baadaye vitabu vikatufundisha kuliita tufaha. Yote mawili, tofaa na epo, yalikuwa matunda ya kuliwa, na ndiyo maana nilipoalikwa mwezi wa Oktoba kwenda kwenye Foire de la Pomme katika mji wa Vimoutiers, huko Normandie, nilikwenda nikiamini kwamba ninakwenda kula.

Safari si ngumu, na yeyote kati yenu anaweza kuifanya mwishoni mwa wiki. Unapanda treni kituo cha Saint-Lazare, unashuka Lisieux, kisha unafuata barabara ya kusini yapata kilomita 30 kupitia bonde baada ya bonde la nchi inayoitwa Pays d'Auge. Vuli yao na vuli yetu ziko katika miezi ileile, na zote mbili zina mvua, ila yao ni manyunyu ya baridi yasiyoisha wala kuanza. Asitarajie mtu kukuta mji mkongwe wa kadi za posta: Vimoutiers ilibomolewa karibu yote na mabomu ya ndege za Washirika tarehe 14 Juni 1944, na mitaa unayoiona leo ilijengwa upya baada ya vita.

Katikati ya maonyesho kulikuwa na meza ndefu iliyopangwa sahani, kila sahani na aina yake ya tufaha, na jina limeandikwa kwa mkono: Bedan, Binet Rouge, Domaines, Saint-Martin, Rambault, René Martin, Noël des Champs. Mengi hayazidi ukubwa wa limau. Mengine yana kovu, mengine yamekunjamana, na muuza matunda wa Kariakoo asingekubali hata kuyapanga mbele ya duka. Mzee aliyeisimamia meza ile alinikatia kipande cha Fréquin Rouge bila kusema neno, akasubiri. Ndugu zangu, ule ulikuwa ukakasi. Bibo lililochumwa kabla ya wakati, ndizi mbichi iliyotafunwa na maganda yake, changanyeni hayo mawili nanyi mtaukaribia. Ulimi ulikauka, mashavu yakajivuta ndani, na mzee akacheka kwa furaha ya mtu aliyeufanya mchezo huo mara nyingi.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba maonyesho yale, pamoja na keki zake na bendi yake, yanaadhimisha tunda lisilolika. Matufaha ya sokoni hupimwa kwa macho na kwa jino. Haya hupimwa kwa kitakachotoka ndani yake baada ya miezi sita, yaani ile pombe nyepesi yenye povu ambayo Wafaransa huiita cidre. Ndugu zetu wa Bujumbura na Goma walio hapa watanielewa nikisema kwamba sitaiita sida, maana kwao hilo ni jina la ugonjwa. Leo nitaiita saida. Wenyeji huyagawa matufaha yao kwa ladha, kuna matamu, machungu yaliyo pia matamu, machungu hasa, na makali, na mtengenezaji hodari hukisia uwiano wake kama mpishi wa pilau akisiavyo viungo. Tamu huleta sukari itakayogeuka kileo. Kali huleta uchachu unaoipa saida uchangamfu na kuikinga isiharibike. Na lile chungu, lenye tanini nyingi, yaani kile kitu kinacholeta ukakasi, ndilo linaloipa mwili. Saida ya matufaha matamu matupu, walivyonieleza, ni maji yenye povu tu. Mimi binafsi sinywi kileo, kwa hiyo hukumu ya ladha nawaachia wenyewe.

Jumapili nilipelekwa kwenye shamba moja karibu na kijiji cha Camembert, ndiyo, kile kile cha jibini, kilicho kilomita chache tu kutoka mjini. Huko sikuona mtu akichuma. Matufaha ya saida husubiriwa yaanguke yenyewe, au mti hutikiswa, kisha huokotwa kwenye majani. Ng'ombe wanaolisha chini ya miti hiyo huondolewa wiki kadhaa kabla ya mavuno, kwa usafi, na pia kwa sababu hakuna ng'ombe atakayeona tufaha chini akaliacha. Hata baada ya kuokotwa, matunda huwekwa kwanza yaive zaidi, na kipimo ni kidole gumba: kikizama kwenye nyama ya tunda bila nguvu, wakati umefika.

Husagwa yakawa rojo la vipande vipande, na rojo hilo huachwa kwa saa kadhaa lipigwe na hewa mpaka ligeuke rangi ya kahawia, jambo ambalo mama zetu jikoni wangeliita uharibifu. Kisha hupangwa tabaka juu ya tabaka kwenye mtambo wa kukamulia; zamani kati ya tabaka walitandika mabua ya ngano, siku hizi vitambaa na fremu za mbao. Tani moja hutoa takriban lita 600 hadi 700 za maji, na machicha hurudi kwa ng'ombe, ambao kwa njia hiyo hupata haki yao ya matufaha kwa kuchelewa.

Lililonishangaza zaidi ni la ndani ya pipa. Katika baridi ya vuli, pektini, ile inayofanya jemu igande, iliyomo katika maji yale huganda, ikapanda juu ikiwa tabaka nene la kahawia ambalo wenyeji huliita kofia. Mashapo huzama chini, na katikati hubaki maji maangavu, ambayo mtengenezaji huyahamishia pipa jingine taratibu. Kofia ile huondoka na sehemu kubwa ya chakula cha hamira, hivyo hamira hufanya kazi kwa njaa, polepole, majira yote ya baridi, na sukari nyingine hubaki bila kuguswa. Ndiyo sababu saida ile tamu, doux, haizidi asilimia 3 za kileo. Nilimfikiria mgema wetu wa mnazi, asiye na nafasi hiyo hata kidogo: tembo la asubuhi jioni limeshakuwa kali, na kesho kutwa ni siki. Hamira ni ndugu. Tofauti imo katika joto.

Juu ya calvados, pombe yao kali inayokenekwa kutoka kwenye saida, nitapita haraka. Gilles de Gouberville, bwana mmoja wa Cotentin, rasi ya Normandie, aliyeandika habari za shamba lake siku kwa siku, anataja kukenekwa kwa saida mwaka 1553. Ile ya Pays d'Auge hukenekwa mara mbili na kulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua miwili. Zamani familia nyingi za wakulima zilikuwa na haki ya kukeneka kiasi kidogo bila ushuru. Mwaka 1960 serikali ikazuia haki hiyo isirithiwe tena. Wanaokumbuka misako ya gongo vijijini kwetu wataelewa kwa nini wazee wa pale bado wanalizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini.

Mchana nililishwa teurgoule, wali wa maziwa na mdalasini uliokaa ndani ya oveni kwa saa nyingi katika chungu cha udongo, mpaka juu ukafanya ngozi nyeusi. Mchele na mdalasini havioti Normandie, vilikuja kwa meli, na Mzanzibari aliyefumba macho angesema yuko nyumbani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kwenye sahani iliyo hapa mezani kuna vipande vya Fréquin Rouge nilivyopewa nilipokuwa nikiaga, na kando yake chupa mbili za maji ya matufaha yasiyochachushwa. Maswali yanakaribishwa, ila atakayeuliza kuhusu ukakasi naomba aonje kwanza, na chupa asiiguse mpaka amalize kutafuna.