Utanilipa lini? Maneno kwa mafundi wa California

Wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Ahsanteni.

Nianze na fundi cherehani. Umempelekea suruali, kaishona, na wewe hela huna: suruali inabaki kibandani kwake mpaka ulipe. Fundi viatu vilevile. Lakini wewe uliyepachika jipsamu kwenye nyumba ya watu kule Oakland, utaibandua uondoke nayo? Utaitiwa polisi. Jasho lako limeshagandana na mali ya mwenzio.

Hapo ndipo inapoingia lieni. Deni lako linaandikishwa kaunti, juu ya nyumba yenyewe, ili mwenyewe akitaka kuuza au kukopa upya alikute limekaa mlangoni. Wenyeji wanalitamka neno hilo karibu kabisa na "lini" yetu, ile ya "utanilipa lini?" Likumbukeni hivyo hivyo.

Si jambo jipya. Jimbo la Maryland walitunga sheria ya namna hii 1791, mji wa Washington ulipokuwa unaanza kujengwa, na Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa mmoja wa walioipigia debe. Hapa California haki hii imo ndani ya katiba ya jimbo tangu 1879. Kwa hiyo usiidai kama mtu anayeomba msaada.

Sasa, wengi wetu tunaipoteza siku ya kwanza ya kazi, bado hata hatujagombana na mtu. Kama umepewa kazi na mkandarasi, si na mwenye nyumba, unatakiwa utume taarifa ya awali, yaani karatasi ya kuwajulisha kwamba unafanya kazi pale, ndani ya siku 20 tangu uanze: kwa mwenye nyumba, kwa mkandarasi, na kwa benki iliyotoa mkopo wa ujenzi kama ipo. Tuma kwa posta yenye risiti, na risiti uitunze. Ukichelewa bado unaweza kutuma, ila inarudi nyuma siku 20 tu. Umeanza Machi 1, umetuma Aprili 10: kazi yote ya kabla ya Machi 21 imekutoka. Kibarua wa mshahara hahitaji taarifa hii.

Najua kinachotuzuia. Ni kuona haya. Mkandarasi ni Mkenya mwenzako, mmekutana msibani, utamtumiaje karatasi kama vile humwamini? Mimi nilimwonea haya mmoja, nikapaka rangi nyumba nzima, na hela sijaiona mpaka leo. Mwenye nyumba alikuwa ameshamlipa yule bwana. Kumbe kwa wakandarasi wazoefu taarifa ile ni kawaida, hawainunii.

Kazi imekwisha, hujalipwa. Una siku 90 tangu ujenzi wote ukamilike. Ukikamilika Juni 30, mwisho wako ni Septemba 28. Lakini mwenye nyumba akiandikisha kaunti taarifa ya kukamilika kwa kazi, wewe wa chini ya mkandarasi unabaki na siku 30 tangu aiandikishe, na mkandarasi mkuu 60. Nakala ya lieni lazima imfikie mwenye nyumba, na uthibitisho wa kutuma uambatane nayo. Andika kiasi cha kweli. Ukiingiza kwa makusudi kazi ambayo hukuifanya, unaweza kupoteza lieni yote.

Halafu watu wanalala. Wanadhani wakishaandikisha wamemaliza. Tangu uandikishe una siku 90 nyingine za kufungua kesi mahakamani. Zikipita, lieni imekufa, na mwenye nyumba anaweza kuomba mahakama iifute, gharama za wakili wake zikurudie wewe. Hapo mtafute wakili mapema, msisubiri siku ya 85.

Majengo ya serikali hayawekewi lieni. Kule kuna njia nyingine, tutaizungumza siku yake. Na kama kazi yako inadai leseni ya ukandarasi nawe huna, sheria hii haikubebi hata kidogo. Hilo linauma, lakini nisipowaambia nitakuwa nawadanganya.

La mwisho ni zile fomu za kuachia haki wanazokuwekea mezani pamoja na hundi. Ipo ya masharti, inayofanya kazi hundi ikishapita, na ipo isiyo na masharti. Hiyo ya pili usiitie saini hela ikiwa haijaingia benki, hata kama anayekuletea ni shemeji yako.

Naona mkono pale karibu na dirisha. Uliza, kaka.