Nani Anasoma Daftari? Kutoka Kipande cha Shingoni hadi Mboni ya Jicho

ZUHURA: Wasikilizaji hamjambo, karibuni tena. Mimi Zuhura, niko Mombasa. Upande wa pili wa laini yuko Mwalimu Karanja, kule Murang'a. Shikamoo Mwalimu.

KARANJA: Marahaba, mwanangu. Huku mvua inanyesha tangu alfajiri, mkisikia mabati yanavuma ndiyo hiyo.

ZUHURA: Mada ya leo ni udhibiti. Nilikuwa nimejiandaa kuanza na sheria, lakini juzi Mwalimu akanitumia picha ya kibati kilichochakaa, kina vitundu viwili vya kupitishia kamba, na chini ameandika: "Tuanzie hapa." Basi tuanzie hapo.

KARANJA: Hicho kilikuwa cha guka, babu yangu mzaa mama. Mimi nilikijua kama kibati cha ugoro. Alikuwa akikigonga kwa ukucha mara mbili kabla ya kukifungua. Ni baada ya kufariki kwake ndipo mama aliponieleza kwamba zamani ndani yake hapakuwa na ugoro. Palikuwa na kipande.

ZUHURA: Waelezee vijana. Siku hizi mtu akisema kipande, wengi wanafikiri ni kitambulisho tu.

KARANJA: Sheria ya kikoloni ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa 1915. Vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa vilipokwisha, 1919 kuelekea 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alitakiwa kuwa nacho. Karatasi inakunjwa, inatiwa kwenye kibati, kibati kinaning'inizwa shingoni. Ndani kuna jina, kabila, alama za vidole, halafu orodha ya mabwana uliowafanyia kazi: ulianza lini, kwa mshahara gani, uliachishwa lini, na sahihi ya bwana. Hiyo sahihi ndiyo iliyokuwa mnyororo. Ukiondoka shambani kabla hajaitia, wewe ni mtoro, na utoro ni kosa la jinai. Mwajiri mwingine haruhusiwi kukuandika. Polisi nao wanaweza kukufuata mpaka kwenu, maana vidole vyako wanavyo, viko Nairobi.

ZUHURA: Kwa hiyo yako madaftari mawili. Moja serikalini, moja kifuani.

KARANJA: Hapo hapo, Zuhura. Hili neno kontroli ambalo mafundi wetu wanalitumia, asili yake ni Kifaransa cha kale, na maana yake ilikuwa daftari la pili, linalowekwa ili kulinganishia la kwanza. Karani mmoja anaandika hesabu, mwingine ana orodha yake pembeni, kosa lionekane. Siku niliyolisoma hilo nilifunga kitabu nikaenda kukitafuta kibati. Guka alitembea miaka na daftari la pili shingoni mwake, na hakuweza kulisoma.

ZUHURA: Hakujua kusoma kabisa?

KARANJA: Hata herufi moja. Bwana akiandika neno baya juu yake, yeye analibeba neno hilo hadi kwa bwana mwingine, anamkabidhi kwa mikono miwili, bila kujua anakabidhi nini. Wazee wetu walikiita mbugi, ile njuga ya mbuzi. Kufikia 1931 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameandikishwa. Mama aliniambia guka akirudi likizo alikuwa anakivua mlangoni na kukificha juu ya dari, watoto wasikione.

ZUHURA: Nikiri, sikuwa na habari hiyo ya daftari la pili. Sisi tuna neno udhibiti, limetoka Kiarabuni. Lakini sikiliza watu wanavyosema wenyewe wakizungumza. Pwani tunasema fulani ameshika usukani. Kwingine utasikia fulani ameshika hatamu. Watanzania walikuwa na chama kushika hatamu. Mimi naona hayo si mamoja. Nahodha mwenye usukani yumo chomboni na abiria, chombo kikizama naye anazama. Aliyeshika hatamu yuko juu ya mgongo wa mwenzake.

KARANJA: Na lijamu iko kinywani, kwa hiyo mwenzake hasemi.

ZUHURA: Sasa vidole. Nani aliamua kwamba mtu atambuliwe kwa vidole?

KARANJA: Ilikuja kwa njia ya bahari, kama mambo mengi yenu huko pwani. Mwaka 1858 huko Jungipoor, Bengal, India, ofisa Mwingereza, William Herschel, alimtaka mkandarasi aliyeitwa Konai apige chapa ya kiganja chake kwenye mkataba wa kokoto za barabara. Baadaye Herschel mwenyewe alieleza kwamba nia ilikuwa kumtia hofu Konai, asije akaikana sahihi yake. Hofu ilitangulia, sayansi ikafuata. Kazi kubwa ya kuzipanga alama hizo ili ziweze kutafutwa kabatini ilifanywa Calcutta na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, lakini mfumo ukapewa jina la mkubwa wao, Edward Henry. London wakauchukua 1901. Transvaal nako Wahindi wakaambiwa watoe vidole vyote kumi, na mwezi Agosti 1908 Gandhi na wenzake wakazitia moto hati zao za usajili mbele ya msikiti wa Hamidia, Johannesburg.

ZUHURA: Mbele ya msikiti! Na hapa kwetu aliyelipinga jambo hili alikuwa mpiga simu, siyo?

KARANJA: Harry Thuku, mpiga simu wa Hazina ya serikali. Kutwa yuko kwenye nyaya za wakubwa. Alikusanya watu juu ya kipande, kodi ya kibanda, na mishahara iliyopunguzwa. Machi 1922 akakamatwa, watu wakajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi. Mary Muthoni Nyanjiru akawaongoza akina mama. Tarehe 16 risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu maiti 21, Muthoni akiwa mmoja wao. Thuku hakupelekwa mahakamani, alipelekwa Kismayu.

ZUHURA: Mungu awarehemu. Na kipande kiliisha lini?

KARANJA: Sheria ya 1947 ilisema sasa watu wa rangi zote wataandikishwa. Ikawa zamu ya walowezi kuambiwa watie vidole vyao kwenye wino, na malalamiko yao yalikuwa makubwa mno: wanafanywa kama wahalifu! Miaka 27 hawakuona uhalifu wowote katika kidole cha guka. Hapo mimi huwa nashindwa kuendelea kufundisha, nawaacha wanafunzi wakae nalo kidogo.

ZUHURA: Tuje kwenye vita vya Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952.

KARANJA: Na tarehe 24 Aprili 1954 Nairobi ikafungwa. Operesheni Anvil, maana yake fuawe, chuma anachopigia mhunzi. Askari na polisi wapatao 25,000. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani, wakapangwa mistari. Huyu karatasi zake sawa, huyu si sawa. Zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Walikuwepo watu waliofunikwa gunia kutoka kichwani, matundu mawili ya macho. Unapitishwa mbele yake. Akitikisa kichwa umekwisha. Sisi tuliwaita gakunia. Ndugu yake mama alipitishwa mbele ya gunia. Mpaka anakufa alikuwa akisema angalau kipande kilikuwa na sahihi, ungeweza kumwonyesha mtu akakusomea. Gunia halisomeki.

ZUHURA: Na waliobaki vijijini?

KARANJA: Watu zaidi ya milioni moja walihamishiwa vijiji vya lazima, handaki limezunguka, miti iliyochongwa imesimikwa ndani yake, saa za kutoka zimepangwa. Halafu ulipokaribia uhuru, majalada yenyewe yakasafirishwa kimya kimya hadi Uingereza. Serikali yao ilikubali hadharani kuwa inayo 2011 tu, wazee walioteswa enzi hizo walipokuwa wamefungua kesi London. Mwaka 2013 wakalipwa, walalamikaji 5,228, jumla pauni milioni 19.9. Ugomvi wa miaka yote hiyo, ukiutazama, ulikuwa ni huo: daftari liko kwa nani.

ZUHURA: Sasa niruhusu nikurudishe pwani, maana uhuru ulikuja na gereza likabaki pale pale. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika kijikaratasi cha kuuliza Kenya inakwenda wapi. Mwaka 1969 akahukumiwa miezi 18, upande wa serikali ukakata rufaa, ikawa miaka mitatu. Alifungiwa peke yake. Humo ndani akatunga mashairi, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakatoka gerezani, yakachapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

KARANJA: Watu husimulia zile karatasi, wanasahau bahari za ushairi.

ZUHURA: Ndilo ninalotaka kusema! Shairi letu lina mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Wako wanaosema vina na mizani ni pingu za mshairi. Nyanya yangu hakujua kuandika, na alikuwa na beti kwa mamia kichwani, kwa sababu kina kinashika kina, mizani ikipungua sikio linamwambia. Sasa mweke mtunzi wa namna hiyo kwenye chumba kitupu. Mnyime kalamu. Utaratibu wa shairi ni daftari lake mwenyewe, na askari akipekua hatalipata. Mimi hapo naona udhibiti wa aina nyingine kabisa, ule ambao mtu amejifunza mwenyewe tangu utotoni, ukamhifadhi siku ya shida. Natamani tungekuwa na neno lake.

KARANJA: Guka angesema nidhamu ya mkono.

ZUHURA: Nalichukua. Haya, sheria. Mwaka 2019 tulipangwa foleni za Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu. Sheria ilikuwa imebadilishwa mwishoni mwa 2018 ili serikali iweze kukusanya hata DNA na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Waliokwenda mahakamani mapema walikuwemo Wanubi, na mtu akijua historia hashangai. Babu zao waliletwa na Waingereza kama askari, wakakaa Kibera, na wajukuu wao kila wakiomba kitambulisho wanahojiwa upya wao ni nani. Huku pwani tunalijua hilo. Binamu yangu aliambiwa na ofisi moja alete karatasi za babu yake, akaleta, akaambiwa alete za babu wa babu. Alikaa miaka miwili bila kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna benki, hakuna kazi ya maana. Alikuwa akitoka jioni anapitia vichochoroni, asikutane na askari.

KARANJA: Kukikosa na kuvikwa, njia ni ile ile ya vichochoroni.

ZUHURA: Basi tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakasema DNA na vipimo vya mahali ni kinyume cha Katiba, na mengine yasubiri kanuni kamili. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema tena: kadi zimetolewa bila kwanza kufanya tathmini ya madhara ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaidai, kwa hiyo utoaji huo ni batili. Mwalimu, wewe umezeeka katika historia hii, niambie: ni lini kabla ya hapo mwenye daftari aliambiwa yeye ndiye ajieleze kwanza?

KARANJA: Kwa miaka mia, sijui mara nyingine.

ZUHURA: Nami ndiyo maana nazipenda hukumu hizo, ingawa kadi zimekuja tena kwa jina la Maisha. Halafu 2023 hatukulazimishwa na mtu. Nairobi, pale ukumbi wa mikutano wa KICC, watu walipanga foleni kutwa wakapigwe picha ya mboni ya jicho na tufe linalong'aa la mradi wa Worldcoin, wapate sarafu za mtandaoni za thamani ya kama shilingi 7,000. Unga ulikuwa ghali, siwalaumu hata kidogo. Agosti serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Kinachoniuma ni kwamba ukimuuliza aliyetoka pale jicho lake limeandikwaje na liko wapi, alikuwa na majibu yale yale ya guka.

KARANJA: Anabeba asichokisoma.

ZUHURA: Tena jicho halivuliwi mlangoni likafichwa juu ya dari.

KARANJA: Hivi hiyo sheria ya data inaniruhusu mimi, mzee wa huku, kuuliza?

ZUHURA: Inakuruhusu. Una haki ya kuiambia taasisi yoyote yenye habari zako ikuonyeshe ilicho nacho, na kilichokosewa kirekebishwe. Unaandika barua tu.

KARANJA: Kwa Kiswahili?

ZUHURA: Kwa nini isiwe Kiswahili? Ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba.

KARANJA: Basi nitaandika leo, mvua ikikatika niipeleke posta. Niulize vidole vyangu viko kwenye mashine ngapi, na nani huvifungua. Nakala yake nitaikunja niitie kwenye kibati.

ZUHURA: Wakijibu, utusomee hapa.