Mkia wa Pluto na Sindano ya Santuri

Ndugu wasikilizaji, katuni tutakayoitazama jioni hii ni ya dakika zipatazo saba tu. Inaitwa Pluto's Blue Note, ilitolewa na studio ya Walt Disney mwaka 1947, na mwelekezi wake ni Charles Nichols. Iliteuliwa kuwania Oscar, ikashindwa na Tweetie Pie ya Warner Bros.; hayo tuyaache.

Pluto ni mbwa asiyesema. Katika kisa hiki anaupenda muziki, ila sauti hana: akijaribu kuimba pamoja na ndege, kinachomtoka ni mlio wa kuwaudhi waimbaji. Mambo yanageuka anapokutana na gramafoni, akagundua kwamba ncha ya mkia wake ikigusa santuri inayozunguka, muziki unasikika.

Hapa naomba tukae kidogo. Kijana aliyezoea nyimbo za kwenye simu atacheka kwa kuwa mbwa anachekesha, lakini mtazamaji wa mwaka 1947 alicheka pia kwa kuwa sindano aliijua: alijua kwamba wimbo umechorwa kama mfereji mwembamba unaojiviringa juu ya sahani, kwamba sahani ile huzunguka mara 78 hivi kwa dakika, na kwamba sindano ikipita mferejini hutikisika, mtikisiko huo ukawa sauti. Mchoraji ameondoa sindano akaweka mkia. Mengine yote ameyaacha kama yalivyo. Ndipo Pluto anapofumbua kinywa kuufuatisha wimbo wa mtu mwingine, You Belong to My Heart, ambao asili yake ni Solamente una vez wa Agustín Lara wa Mexico, na mbwa majike wanalegea kwa mahaba.

Huku kwetu mbwa na santuri walikwisha kukutana zamani. Siti binti Saad alipotoka Unguja kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, sahani zake zilitoka kwa His Master's Voice, kampuni ambayo nembo yake ni Nipper, mbwa aliyechorwa na Francis Barraud akiwa ameinamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni. Nipper anaisikia sauti ya bwana wake na kuisadiki. Pluto, kwa maoni yangu, ni Nipper aliyeerevuka: amekwenda nyuma ya pembe, akaona sauti inakotoka, akawaachia wenzake kusadiki.

Taa zikizimwa, naomba jicho moja libaki kwenye mkia.