Mama Aliyeingia kwa Jina la Msaidizi

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, hamjambo?

Niseme mapema: mama ninayemzungumzia leo hakuwa mnajimu. Hakupiga ramli wala kumsomea mtu nyota yake. Margaret Burbidge, mzaliwa wa Stockport, Uingereza, mwaka 1919, alikuwa mwanafalaki. Yeye alitaka kujua nyota zinapika nini tumboni mwao.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, London ilizima taa usiku kwa kuhofia ndege za Wajerumani. Kwa wengine giza lilikuwa kero. Margaret lilimfaa, maana nyota zilionekana vizuri zaidi. Mwaka 1943 akapata shahada ya uzamivu. Akaomba ufadhili uliokuwa na nafasi kwenye darubini za Mount Wilson, California. Jibu: pale ni pa wanaume tu. Mwaka 1955 ufadhili huo akapewa mumewe, Geoffrey, na mke akaingia kama msaidizi wake. Msaidizi! Mume mwenyewe alikuwa mtu wa nadharia. Anayeijua darubini ni mke. Walilala kwenye kibanda chao, mbali na bweni la wanaume.

Sasa hapa twende polepole. Kuna elementi inaitwa teknetiamu. Hata ile aina yake inayodumu sana, nusu yake hutoweka kwa miaka kama milioni 4. Lakini mwaka 1952 mwanafalaki Paul Merrill aliiona kwenye mwanga wa nyota nyekundu kuukuu. Nyota ina umri mkubwa kuliko huo maradufu kwa maradufu, na teknetiamu bado imo. Imetoka wapi? Imepikwa mlemle, na chungu bado kiko motoni.

Mwaka 1957 wanandoa hao, pamoja na wanasayansi wenzao William Fowler na Fred Hoyle, walieleza upishi huo. Viini vya atomu humeza nyutroni, chembe ndogo zisizo na chaji, mojamoja kwa subira ndani ya nyota zilizozeeka, au huzibugia nyingi kwa mkupuo nyota inapolipuka; hivyo elementi nzito huzaliwa. Vipimo vya Margaret vya nyota yenye bariamu, mojawapo ya elementi hizo nzito, kupita kiasi vilikuwa sehemu ya ushahidi. Nobeli ya fizikia ya mwaka 1983 alipewa Fowler, akagawana na mwanafizikia mwingine, Chandrasekhar.

Mwaka 1971 chama cha wanafalaki cha Marekani kilimpa Margaret tuzo ya wanawake peke yao. Akaikataa: kutengwa ni kutengwa, hata kukiwa kwa heshima. Miaka mitano baadaye chama hichohicho kikawa na rais wake wa kwanza mwanamke. Ndiye yeye.