Finyanga Figo kwa Unga Uone Inavyoumbika Tumboni

Karibuni. Kanda unga wa ngano kwa maji na chumvi. Nusu tia rangi nyekundu, nusu uache mweupe. Wiki nitakazotaja zinahesabiwa tangu yai kurutubishwa.

Viringisha unga mwekundu uwe kama tambi nene, uulaze mezani. Huu ni mrija unaoshuka mgongoni mwa kiinitete. Pembeni yake, wiki ya 4, hutokea figo ya kwanza usawa wa shingo. Haifanyi kazi, inanyauka. Ya pili huanza chini yake, huchuja kwa muda, kisha nayo huondoka. Hizo weka alama tu kwa kidole.

Sasa wiki ya 5 huanza figo ya tatu, ile inayobaki, na hapa tusikimbie. Karibu na mwisho wa mrija, finya unga uvute chipukizi dogo. Mbele yake weka donge jeupe, kama punje ya harage. Donge ndilo linaloita: hutoa protini inayolivuta chipukizi. Chipukizi nalo likifika huliwezesha donge kuishi. Lisipofika, donge hufa, na mtoto huzaliwa hana figo upande huo. Mimi kila nikifundisha hapa huwaomba watu watulie wapaangalie.

Ingiza chipukizi ndani ya donge. Kata ncha yake kwa mkasi, itanue iwe pacha, kila ncha uivike kofia nyeupe. Kata tena. Mwilini huendelea hivyo takriban mara 15. Chini ya kofia moja, nyofoa kitonge cheupe, kinyooshe kiwe herufi S. Upande mmoja bonyeza uwe kibakuli cha kupokea mishipa midogo ya damu. Upande wa pili ugandishe kwenye wekundu, utoboe kwa kijiti mpaka njia ipenye. Hiyo ni nefroni, yaani kichujio kimoja kidogo cha figo. Usipotoboa, mkojo hauna pa kupita.

Kati ya wiki ya 6 na ya 9 figo hupanda kutoka kwenye nyonga hadi kiunoni. Isukume juu taratibu, uigeuze upande wake uliobonyea utazame uti wa mgongo. Figo mbili zikigandana chini, hukwama njiani zikiwa na umbo la kiatu cha farasi.

Mwisho, usiulainishe uso wake. Figo ya mtoto mchanga ina vinundu na mifereji unayoiona kwa macho, na hufutika polepole anavyokua.